Mafuta ya taa au gesi ya mtungi: hesabu ya gharama na matunzo ya jiko kwa nyumba za Tanga

Bei ikipanda, kila nyumba Tanga hurudi kwenye swali lile lile: tubaki na jiko la mchina, lile la tambi za mafuta ya taa, au tuhamie gesi? Wengi hulijibu kwa kutazama bei tu. Lita ya mafuta ya taa wanaiona ndogo, mtungi wanauona mkubwa, basi wanaamua mafuta ni rahisi. Bei ya lita na bei ya kilo hazilinganishiki hivyo. Mpishi ananunua joto linaloingia kwenye sufuria, na baada ya hapo analipia tambi, mipira, kutu na masizi. Mwongozo huu unahesabu vyote viwili, tena kwa namba utakazozijaza mwenyewe kwa bei ya dukani kwako.

Kwanza tutenganishe gesi mbili ambazo watu huzichanganya. Gesi asilia, ile ya Songo Songo na Mnazi Bay, ni methani. Ni nyepesi kuliko hewa na hufika majumbani kwa bomba. Bomba kubwa lililokamilika 2015 linatoka Mtwara hadi Dar es Salaam, na Tanga halifiki. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani uliogandamizwa hadi ukawa majimaji, na ni nzito kuliko hewa. Kwa hiyo anayesema "gesi" Chumbageni au Makorora anasema mtungi, na mwongozo huu unausema huo huo. Tofauti hii si ya kitabuni tu. Majiko mengi ya mitumba kutoka Ulaya, hasa Uingereza, yametengenezwa kwa gesi ya bomba, na nozeli zake, vile vipande vidogo vinavyotolea gesi, zina matundu makubwa. Ukiliunga na mtungi bila kubadili nozeli, moto unaruka juu, wa njano, unajaza masizi na kumaliza gesi ovyo. Ukinunua jiko la mtumba, muulize muuzaji kama nozeli zimebadilishwa, kisha liwashwe mbele yako kabla hujatoa pesa.

Hesabu ya joto

Kilo moja ya gesi ya mtungi ina nishati ya takriban megajuli 46. Lita moja ya mafuta ya taa ina kama 35. Kilo ya mkaa mkavu ina 29 hivi. Uniti moja ya umeme ni megajuli 3.6 kamili. Joto hilo lote halifiki kwenye chakula. Jiko la gesi lililo safi huingiza sufuriani kama asilimia 55, jiko la mchina kama 40, jiko la mkaa la bati kama 20, jiko bora lenye kauri ndani kama 30, na jiko la umeme la koili kama 70. Hizi ni wastani. Jiko chafu hushuka chini ya hapo, na upepo hulishusha zaidi.

Zidisha, upate joto halisi la kupikia. Kilo ya gesi inatoa megajuli 25 hivi, lita ya mafuta ya taa 14, kilo ya mkaa kwenye jiko la bati karibu 6, kwenye jiko bora karibu 9, na uniti ya umeme 2.5. Kwa maneno mengine, mtungi wa kilo 6 unafanya kazi ya lita 11 za mafuta ya taa, au kilo 26 za mkaa kwenye jiko la bati, au kilo 17 kwenye jiko bora, au uniti 60 za umeme.

Kanuni ya dukani inatoka hapo. Chukua bei ya kujaza mtungi wa kilo 6 mtaani kwako, uigawanye kwa 11. Kama lita ya mafuta ya taa inauzwa zaidi ya jibu lako, gesi ni nafuu. Ikiuzwa chini yake, mafuta ni nafuu. Kwa mkaa wa jiko la bati gawanya kwa 26, kwa jiko bora 17, kwa umeme wa koili 60. Ukitumia mtungi wa kilo 15, mafuta gawanya kwa 27.

Tufanye mfano. Tuseme kujaza mtungi mdogo ni shilingi 25,000. Ukigawanya kwa 11 unapata karibu 2,270. Kama lita ya mafuta ya taa ni 2,900, basi mafuta yamekuzidi kwa zaidi ya shilingi 600 kila lita, na kwa lita 11 hizo ni takriban 7,000. Mtungi huo huo ukigawanywa kwa 26 unatoa 960, maana yake mkaa wa jiko la bati unaouzwa zaidi ya 960 kwa kilo umeshapita gesi. Kwa jiko bora kikomo kinapanda hadi karibu 1,470, ndiyo maana mwenye jiko zuri la kauri na mkaa wa gunia kutoka Handeni bado anaweza kukushinda kwa fedha taslimu, ingawa hakushindi kwa muda, moshi na majivu. Namba hizi ni za kufundishia. Weka zako.

Bei ya mafuta ya taa usiikisie. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila mwezi kwa kila mji, basi tazama ya Tanga. Hiyo ni bei ya kituo cha mafuta. Ukinunua kwa chupa dukani unalipa zaidi, na hapo ndipo wengi hupotea. Chupa ya maji ya nusu lita zidisha bei yake mara mbili, uone lita inakugharimu nini hasa. Na ujue kwamba bei hiyo haitarajiwi kurudi kuwa ya zamani. Kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa 2011 ili kuua uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa, na tangu hapo mafuta haya hayakuwa tena nishati ya mnyonge.

Pima matumizi yako kwa wiki moja

Kabla ya kununua chochote, pima. Nyumba ya watu wanne inayopika ugali na dagaa haifanani na inayochemsha maharage kila siku na kuoka mikate ya kuuza.

Anayetumia mafuta: jaza tangi la jiko hadi alama moja Jumatatu asubuhi, kisha andika kila nusu lita unayoongeza mpaka Jumatatu inayofuata, ujaze tena hadi alama ile ile. Jumla ndiyo matumizi yako. Jiko la mchina la tambi kumi likiwa na moto mkubwa hunywa kama lita 0.15 kwa saa.

Anayetumia mkaa: pima kwa kilo, usipime kwa kopo. Azima mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki. Kopo la mkaa mwepesi na kopo la mkaa mzito hutofautiana sana, na mkaa ulionyeshewa una maji ndani yake ambayo unayalipia.

Anayetumia gesi tayari: ning'iniza mtungi kwenye mizani hiyo hiyo mwanzo na mwisho wa wiki. Plate moja ya kawaida ikifunguliwa yote hula karibu gramu 200 kwa saa, kwa hiyo mtungi mdogo una saa 30 za moto mkubwa. Kama wako unaisha baada ya wiki mbili, ama unapika zaidi ya saa mbili za moto mkubwa kila siku, ama kuna mahali panavuja, ama hukujaziwa kilo 6.

Ukipata matumizi ya wiki, zidisha kwa 52 na ugawanye kwa 12 upate ya mwezi. Wengi huzidisha kwa 4 na kupunguza gharama zao wenyewe bila kujua.

Pesa ya kuanzia

Kikwazo kikubwa cha gesi Tanga ni malipo ya mkupuo. Mafuta ya taa unaweza kununua ya mia tano leo na ya mia tano kesho. Gesi inataka mtungi, jiko na pesa ya kujaza kwa pamoja. Hilo ni tatizo la kweli na halitatuliwi kwa kumwambia mtu "ni nafuu mwisho wa mwaka". Linatatuliwa hivi: ile pesa ya mafuta au mkaa unayotoa kila siku, iendelee kutoka kila siku hata baada ya kununua gesi, iingie kwenye kibubu. Kama ulikuwa unatoa 1,000 kwa siku na mtungi wako unakaa siku 28, siku ya kujaza kibubu kina 28,000. Wanaorudi kwenye mkaa aghalabu ni wale ambao mtungi uliisha tarehe 20 na hawakuwa wameweka kitu.

Kabla ya kununua regulata (kile kifaa cha kichwani mwa mtungi kinachopunguza shinikizo la gesi) au jiko, angalia ni mitungi ya kampuni gani inapatikana katika maduka mawili yaliyo karibu nawe. Vichwa vya mitungi havifanani, na regulata ya kubonyeza ya kampuni moja inaweza isiingie kwenye mtungi wa nyingine. Anayekaa Pongwe akanunua mtungi ambao hujazwa mjini tu atalipa nauli ya bodaboda kila mwezi, na nauli hiyo ni sehemu ya bei ya gesi.

Dukani: mizani, sili na mpira mdogo

Kila mtungi una uzito wake mtupu uliogongwa kwenye kola au ukingo wa juu, mara nyingi baada ya herufi TW au neno TARE. Mtungi ukiandikwa 7.2 na gesi ni kilo 6, mizani isome 13.2. Omba upimwe mbele yako. Muuzaji anatakiwa kuwa na mizani, na anayekasirika ukiomba upime amekupa sababu ya kwenda duka la pili. Usikubali "yote ni sawa tu", kwa sababu uzito mtupu hutofautiana mtungi kwa mtungi.

Kisha tazama sili ya plastiki, iwe haijakatwa. Ikishatolewa, chungulia ndani ya kichwa cha mtungi. Kwa aina nyingi utaona mpira mdogo wa duara umekaa kwenye mfereji wake. Ukiwa umepasuka, umekauka au haupo, gesi itavuja hata ukifunga regulata vizuri namna gani. Rudisha mtungi huo pale pale. Mtungi wenye kutu inayobanduka vipande, hasa kwenye kitako, nao usiupokee. Mitungi ya pwani hutafunwa kutoka chini, mahali pasipoonekana, kwa hiyo muombe muuzaji auinamishe kabla hujaubeba.

Wakati wa kusafirisha, mtungi usimame wima. Ukilala, majimaji yanakuja upande wa vali, na kama vali inapitisha kidogo yanatoka majimaji badala ya mvuke. Lita moja ya majimaji hayo hugeuka takriban lita 250 za gesi.

Kufunga

Utahitaji regulata inayolingana na kichwa cha mtungi, mpira wa gesi wenye maandishi yanayoonyesha ni wa gesi, usiozidi mita 1.5, na klipu mbili za chuma za kukaza kwa bisibisi. Mpira wa maji wa bustani haufai kabisa. Gesi hii huukausha mpira usio wake, ukapasuka vijimstari usivyoviona mpaka uukunje. Waya wa kufungia nyavu nao si klipu. Unakata mpira na haukazi pande zote.

Weka mtungi sakafuni, jiko juu ya meza au kizimba, mbali kidogo, ili mpira usipite chini ya moto. Sukuma mpira sentimita 2.5 au 3 ndani ya kila ncha, kaza klipu mpaka mpira usizunguke kwa mkono. Funga regulata, hakikisha vitufe vyote vya jiko vimezimwa, kisha fungua gesi ya mtungi.

Sasa pima uvujaji. Changanya kijiko kimoja cha sabuni ya maji kwenye robo kikombe cha maji, upake kwa brashi au kitambaa kwenye kichwa cha mtungi, regulata, ncha zote mbili za mpira na nyuma ya vitufe. Subiri dakika moja. Povu likikua, panavuja. Funga, kaza au badilisha, upime tena. Kiberiti hakipimi uvujaji, ila huugeuza moto. Kipimo cha sabuni kirudiwe kila unapobadilisha mtungi. Kinachukua muda mfupi kuliko kuosha kikombe.

Mtungi mdogo wenye jiko juu yake hauna mpira wala regulata, kwa hiyo una sehemu chache za kuvuja, lakini una hatari yake. Moto upo juu ya mtungi kabisa. Usiuzungushie kinga ya bati kuzuia upepo wa kusi, wala usiweke sufuria pana ya pilau la watu ishirini juu yake. Joto hurudi chini na kuupasha mtungi. Kinga ya bati pande tatu ni nzuri mno, inaokoa gesi nyingi uani, ila iwe kwa jiko la mezani ambalo mtungi wake uko nje ya kinga.

Nyumba za Kiswahili za Ngamiani, zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, zinataka uangalifu wa peke yake. Gesi inayovuja haipandi darini. Inatambaa sakafuni, inaingia chumba cha jirani chini ya mlango na kukaa kwenye shimo au mtaro. Dirisha la juu peke yake halisaidii. Weka jiko uani au karibu na mlango wa uani ambao chini yake pana upenyo, na usiweke mtungi karibu na karo la maji machafu.

Matunzo ya gesi kwenye hewa ya bahari

Jiko la gesi linalodumu miaka mingi Dodoma huchakaa mapema Raskazone. Chumvi na unyevu hula plate, vitufe na vichwa vya moto, na aliyenunua jiko la bati jembamba hulijutia mapema. Ukiweza, nunua lenye uso wa chuma cha pua au kioo na vichwa vya shaba au chuma cha kumimina. Bei yake kubwa igawanye kwa miaka, utaona.

Kila siku, futa maji na mafuta jiko likipoa. Tui la nazi likifurika na kukauka ndani ya matundu ya kichwa cha moto huziba kama gundi, na chumvi ya chakula iliyomwagika huanza kutu usiku huo huo.

Kila wiki, toa vichwa vya moto, loweka kwenye maji ya moto yenye sabuni kwa nusu saa, sugua matundu kwa mswaki wa zamani, kausha juani kabisa kabla ya kurudisha. Kichwa kilichorudishwa na maji ndani yake hupiga "pop" na moto huzima upande mmoja.

Kila mwezi, chunguza mpira. Ukunje polepole kwa vidole kwenye ncha zote mbili, mahali unapoumia zaidi. Ukiona mistari midogo, au ukiwa mgumu kama fimbo, au unanata, ubadilishe siku hiyo. Hata ukionekana mzima, ubadilishe kila baada ya miaka miwili. Klipu zenye kutu zibadilishwe pamoja nao. Inua mtungi kwenye ubao au matofali mawili ili kitako kisikae kwenye unyevu, na usiuvishe mfuko wa nailoni, maana unafungia maji ndani.

Rangi ya moto ndiyo ripoti ya jiko. Moto mzuri ni wa bluu, una ncha ndogo kali ndani, na haupigi kelele. Ukiwa wa njano na sufuria zinakuwa nyeusi, hewa haiingii vya kutosha. Kagua pale hewa inapoingilia, chini ya plate, karibu na nozeli. Mara nyingi utakuta buibui amefuma utando ndani ya bomba fupi la kuchanganyia hewa, hasa kama jiko lilikaa bila kutumika mwezi wa Ramadhani mlipokuwa mmesafiri. Moto ukiwa mdogo hata ukifungua yote na mtungi una gesi, nozeli imeziba. Izibue kwa unyoya mmoja wa brashi au uzi mwembamba wa nailoni wa kuvulia. Usitumie sindano wala pini. Shaba ni laini, pini hupanua tundu, na tundu lililopanuka hutoa gesi nyingi kuliko hewa inayoweza kuichoma. Jiko linakuwa la njano daima, na gharama yako inapanda bila wewe kujua chanzo.

Moto ukiruka na kuachana na kichwa, shinikizo ni kubwa, na regulata ni ya kutiliwa shaka. Regulata haitengenezwi nyumbani. Hubadilishwa.

Ukinusa gesi

Gesi yenyewe haina harufu. Ile harufu ya kabichi bovu huongezwa makusudi ili uijue. Ukiinusa, usiwashe wala kuzima taa, kwa sababu swichi hutoa cheche pande zote mbili. Usipige simu ukiwa ndani. Funga gesi kwenye mtungi, fungua milango yote, hasa wa uani, watoe watoto na wazee, na upepee hewa ya sakafuni itoke nje kwa kipande cha boksi au mkeka. Kama vali haifungi, beba mtungi ukiwa wima hadi mahali pa wazi mbali na majiko ya jirani. Ukishafika nje, piga 114, Zimamoto.

Kila siku, kuwasha ni kiberiti kwanza halafu gesi. Kuzima kwa jiko la mezani ni kufunga kwenye mtungi kwanza, uache moto ujizime wenyewe, ndipo ufunge kitufe. Hivyo mpira haulali na gesi ndani yake. Na mtungi unaoishia usiutikise, usiulaze wala kuukalisha kwenye beseni la maji ya moto ili utoe kidogo kilichobaki.

Jiko la mchina: linavyotunzwa na linavyoharibika

Anayebaki na mafuta ya taa, kwa sababu ya bei au ya mkupuo, apate basi kila kilicho ndani ya lita yake. Jiko la mchina linalotoa moshi limepoteza joto na limechafua chakula.

Tambi zote ziwe na urefu mmoja. Zipandishe juu, kata ncha zilizoungua kwa mkasi mkali, zote kwenye usawa mmoja, usiache hata uzi mmoja umesimama, kwa sababu uzi huo ndio unaotoa masizi. Tambi mpya iloweke kwenye mafuta dakika 20 kabla ya kuiwasha mara ya kwanza. Usiache tangi likauke huku moto unawaka. Tambi ikikosa mafuta huungua yenyewe, na ikiungua mara mbili tatu haifiki tena chini ya tangi.

Jaza robo tatu tu, jiko likiwa limezimwa na limepoa. Kuongeza mafuta jiko likiwaka ndicho chanzo cha ajali nyingi za majiko haya. Liwashe nje, subiri dakika chache moto utulie uwe wa bluu, ndipo uweke sufuria. Lizimie pia nje. Harufu mbaya inayoingia kwenye chai hutoka wakati wa kuwasha na kuzima.

Mafuta yenyewe yaangalie. Yaweke kwenye chupa angavu, yaache yatulie usiku mmoja. Maji yatakaa chini, yakitenganishwa na mstari ulio wazi. Maji hayo hufanya moto upasuke-pasuke na hutoboa tangi kwa kutu kutoka ndani, ndiyo maana majiko ya mchina ya pwani huanza kuvujisha mafuta kwenye kona za chini. Jiko linalovuja tangi halizibwi kwa sabuni wala gundi. Halifai tena. Hatari kubwa zaidi ni petroli iliyochanganywa humo. Tone moja kwenye karatasi: mafuta ya taa huacha doa linalokaa, petroli hukauka haraka. Kama doa linapotea upesi, au harufu inakupiga kama ya kituo cha mafuta, usitie jikoni, yarudishe. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi, na mafuta ya taa hayafanyi hivyo mpaka yapashwe.

Usihifadhi mafuta ya taa kwenye chupa ya soda au ya maji inayofikiwa na mtoto. Mtoto akinywa, usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta ya kula, mkimbize hospitali. Kutapika huyapeleka mafuta kwenye mapafu, na hapo ndipo yanapoua.

Maji ya kuoga na baridi ya milimani

Kuna matumizi yanayoficha gharama kubwa: maji ya kuoga wakati wa kusi, Juni hadi Agosti. Ndoo ya lita 20 kuipandisha nyuzi 15 tu kunataka gramu 50 za gesi. Watu wanne kila jioni ni gramu 200, yaani kilo 6 kwa mwezi. Mtungi mzima unaishia bafuni. Pipa au dumu jeusi juani kuanzia asubuhi hadi alasiri hufanya kazi hiyo bure. Vivyo hivyo maharage: yaloweke usiku kucha, yakishachemka punguza moto hadi yatokote taratibu chini ya kifuniko. Maji hayapiti nyuzi 100 hata ukifungua gesi yote, ila mvuke tu unaongezeka.

Ndugu wa Lushoto na vijiji vya juu vya Usambara wao hutafuta joto la chumbani lenyewe. Jiko la mkaa, la mafuta au la gesi lisiingizwe chumba cha kulala na mlango kufungwa. Mkaa ulioacha kutoa moshi ndio mbaya zaidi, kwa sababu hewa yake ya sumu, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki kuidhania. Ota moto jioni mlango ukiwa wazi, kisha toa jiko nje, ndipo ulale na blanketi.

Nani achague nini

Nyumba inayopika mara mbili tatu kwa siku, yenye uwezo wa kuweka kibubu, iende gesi, mtungi wa kilo 15 na jiko la mezani kama kuna mahali, kwa kuwa kilo moja humo aghalabu ni nafuu kuliko ya mtungi mdogo na safari za dukani zinapungua. Anayeishi peke yake chumba kimoja anatoshwa na kilo 6 yenye jiko juu, akipikia uani. Mafuta ya taa yamebaki na nafasi mahali ambapo gesi iko mbali na nauli inakula faida. Umeme wa koili kwa aliye kwenye kundi la matumizi madogo la uniti 75 kwa mwezi ni mtego: uniti 60 za kupikia zikijumlishwa na taa na friji humtoa kwenye kundi hilo, na bei ya kila uniti inayozidi inaruka.

Ukihamia gesi, usilitupe jiko la mchina zima. Limwage mafuta yote, likaushe, tambi zitolewe zikafungwe kwenye mfuko mkavu, tangi lipakwe mafuta ya mashine kidogo ndani, liwekwe juu pakavu. Siku ambayo mtungi unaisha usiku na duka limefungwa, litapika daku.